Mchora ukingo naye ahesabiwe

Jingdezhen, mji wa kauri katika jimbo la Jiangxi, kusini mwa China, haukosi sifa. Mwaka 2006 ufundi wake wa kutengeneza vyombo kwa mkono uliingizwa katika orodha ya kwanza ya taifa hilo ya urithi wa utamaduni usioshikika. Mwaka 2014 UNESCO iliuweka miongoni mwa miji bunifu ya dunia kwa kazi za mikono. Mwaka 2020 likafunguliwa jumba la makumbusho ya matanuri ya kifalme, matao marefu ya matofali yaliyosanifiwa na Zhu Pei, baadhi ya matofali hayo yakiwa yametoka kwenye matanuri ya zamani. Wageni wanamiminika. Anayeyatazama haya kwa haraka atasema kauri ya kuchorwa kwa mkono imeshapona.

Sisi tunasema haijapona. Kinachotukuzwa mjini humo ni chombo kilichokwisha na jina la bwana mkubwa lililoandikwa chini yake. Walio hatarini ni watu wa katikati: anayezungusha mstari wa ukingo, anayejaza buluu ndani ya majani, anayekwangua bakuli mbichi mpaka liwe na unene mmoja pande zote. Hao hawaitwi jukwaani kupewa cheti. Wengi wao ni wazee, na vijana wanaoingia mjini hawaji kukaa kwenye vigoda vyao. Serikali ya China na mji wenyewe wakitaka ufundi huu uvuke kizazi hiki, pesa na heshima ziwafikie watu hao kwanza, na zimfikie mwanagenzi wao angali anajifunza.

Anayedhani kuchora kauri ni sawa na kuchora karatasi na akae kitako amtazame mjazaji wa buluu. Bakuli lililo mbele yake ni bichi. Udongo umekauka lakini haujaonja moto, na ukilibana kwa vidole linavunjika. Rangi ni kobalti iliyosagwa mpaka haina chenga hata moja, na kwa wakati huo haina buluu yoyote, ni kijivu cha kuelekea weusi. Mchora mistari ameshapita. Kwa brashi nyembamba, na rangi iliyokorogwa kwa maji ya chai, ameacha mizunguko ya maua na majani yaliyo matupu ndani. Sasa ni zamu ya mjazaji. Brashi yake ina tumbo nene na ncha kali, nayo imeshiba maji ya kobalti. Anaisimamisha wima. Anaacha maji yashuke ndani ya jani, kisha anayaongoza: anayasukuma mpaka kwenye mstari, anayavuta kwenye kona, ncha ikielea juu ya maji bila kuukwaruza udongo. Udongo mkavu unakunywa papo hapo. Akisita, linabaki doa. Akiharakisha, linabaki pengo jeupe. Maji yanayozidi anayanyonya kwa brashi ileile kabla hayajatulia.

Wingi wa kobalti katika maji, na muda yanaokaa mahali, ndivyo vinavyoamua kama buluu itakuwa nzito au nyepesi. Fundi aliyeiva hutoa ngazi kadhaa za buluu katika ua moja, kuanzia ile inayokaribia weusi hadi ile inayoonekana kwa taabu. Hakuna kufuta. Kosa likiingia limeingia. Baada yake chombo kinamwagiwa maji ya mawe yaliyosagwa, yale ambayo motoni hugeuka kioo, kisha kinaingia tanurini katika joto la takriban nyuzi 1,300. Kinatoka kimenywea kuliko kilivyoingia, na hapo tu ndipo buluu inapojitokeza na mjazaji anapojua kwa hakika alichokifanya.

Mkono wa namna hiyo haupatikani katika semina. Unapatikana kwa miaka ya kuharibu. Na hapa ndipo penye kiini cha hoja yetu, kwa sababu mwanagenzi wa kujaza buluu haharibu karatasi yake mwenyewe. Bakuli analolitia doa limeshapita kwa mtu aliyeufinyanga udongo kwenye gurudumu, kwa aliyelikwangua, na kwa aliyelichora mistari, na wote hao wameshafanya kazi yao vizuri na wanadai ujira wao. Nani anayelipa bakuli hilo? Historia yote ya Jingdezhen inaweza kusomwa kwa swali hilo moja, na kila zama ilipopata jibu, ufundi ulistawi.

Mikono ilikuwa mingi tangu zamani. Mwanachuoni Song Yingxing, katika kitabu chake cha mwaka 1637 kuhusu kazi za mafundi wa China, alihesabu kwamba kikombe kimoja hupita mikono 72 mpaka kikamilike. Padri Mfaransa François Xavier d'Entrecolles, aliyefanya utume katika eneo hilo mwanzoni mwa karne ya 18, aliandika barua mbili mashuhuri, moja mwaka 1712 na nyingine mwaka 1722, akieleza mji wenye matanuri yapatayo 3,000 na mgawanyo wa kazi uliomshangaza. Yupo mtu, alieleza, ambaye kazi yake yote ni kuchora mstari wa rangi karibu na ukingo. Mwingine anachora maua na wa tatu anayapaka rangi. Huyu ni wa milima na maji, yule ni wa ndege na wanyama.

Mtu wa kisasa husikia habari hiyo akadhani huyo wa ukingo alikuwa kibarua tu. Na ajaribu. Bakuli linawekwa katikati kabisa ya kigurudumu, linazungushwa kwa mkono mmoja, na brashi inashikwa kwa mkono wa pili bila kutikisika. Mstari lazima ufunge palepale ulipoanzia, unene wake uleule, rangi yake ileile. Usipofunga, jicho la mnunuzi linakwenda hapo moja kwa moja, na bakuli zima, pamoja na ua zuri lililochorwa na bingwa, linashuka daraja. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Mchora ukingo anacheza kwao, na kazi ya bingwa inamtegemea yeye, lakini hatunzwi.

Katika zama za nasaba za Ming na Qing, gharama ya kuharibu ilibebwa na kasri. Matanuri ya kifalme yalitoa vyombo vingi kuliko vilivyohitajika, vikachaguliwa bora, na vyenye kasoro vikavunjwa na kufukiwa ili visitumiwe na mtu mwingine. Mwanaakiolojia Liu Xinyuan na wenzake walianza kuvifukua vigae hivyo kwa wingi katika miaka ya 1980, wakaviunganisha kipande kwa kipande, na leo vinaonyeshwa. Watu huvitazama kama ushahidi wa ukali wa wafalme. Sisi tunaona pia kwamba fundi aliyekosea alipata udongo mwingine kesho yake na akaendelea, kwa sababu hazina ya dola ilikuwa nyuma yake. Hatuombi wafalme warudi. Tunasema tu kwamba hakuna kipindi ambacho ubora wa namna ile ulipatikana bila mtu kukubali hasara.

Biashara ya nje nayo ilibeba mzigo wake, na huko ndiko tulikoingia sisi wa pwani. Kobalti nzuri ya mwanzo ilitoka Uajemi, ikafika China, ikarudi katika Bahari ya Hindi ikiwa sahani. Kufikia mwaka 1351, ambao umeandikwa kwenye jozi ya vyungu vya maua vilivyopo sasa British Museum, mafundi wa Jingdezhen walikuwa wameshaimudu buluu juu ya nyeupe barabara. Wateja walikuwa wengi: Waajemi na Waarabu, Waturuki, baadaye Wareno na Waholanzi, na wenyeji wa miji yetu. Huko Gedi, mojawapo ya nyumba zilizofukuliwa na James Kirkman ilipewa jina la bakuli la kauri lililokutwa humo. Lamu na Pate zilipanga sahani ndani ya zidaka, safu juu ya safu. Mambrui na Kunduchi walizipachika kwenye makaburi ya nguzo. Meli ya Wareno Santo António de Tanna, iliyozama mbele ya Fort Jesus mwaka 1697 na kufukuliwa na wapiga mbizi kati ya 1977 na 1980, nayo ilikuwa na vyombo vya Kichina. Mwaka 1955 mwanaakiolojia Mwingereza Mortimer Wheeler alipita pwani ya Tanganyika akaona vigae vimetapakaa kiasi kwamba alisema historia ya nchi hii iliyofukiwa ardhini, tangu karne ya 10, imeandikwa kwa kauri ya China.

Si vyote vilivyotoka Jingdezhen. Vingi vya kijani, vya zamani zaidi, ni vya Longquan, na vingine vya bei nafuu vilitoka viwanda vya karibu na bandari za kusini. Lakini kigae chembamba cheupe chenye buluu safi, kile ambacho ukikiinua juani mwanga unapenya, mara nyingi ni cha mji huu tunaouzungumzia. Leo ukienda kwenye makaburi yale, mahali pengi unakuta shimo la mviringo tu kwenye chokaa, alama ya sahani iliyong'olewa na wezi au wakusanyaji. Tunayo haki, basi, ya kusema neno kuhusu ufundi huu. Tulikuwa wateja wake kwa karne nyingi, na tumekuwa walinzi wabaya wa kile tulichonunua.

Mwaka 1912 utawala wa Qing ulianguka na kasri halikununua tena. Wengi wangetegemea mwisho. Badala yake, wachoraji walitafuta wateja wapya miongoni mwa wafanyabiashara na wasomi wa mijini, wakaanza kuchora vibao bapa vya kauri vya kutundika ukutani, vyenye mandhari, watu, ndege na maua, kwa mtindo wa wachoraji wa karatasi. Mwaka 1928 kundi lao likaunda chama ambacho leo wanachama wake wanakumbukwa kama Marafiki Wanane wa Zhushan. Hawakuwa wahifadhi. Walivunja taratibu nyingi za zamani, wakatia sahihi na mihuri yao, wakaandika mashairi pembeni mwa picha. Kwa kufanya hivyo walizipa riziki karakana nyingi. Tunalitaja hili kwa sababu wapo wanaodhani kuuhifadhi ufundi ni kuugandisha kama ulivyokuwa katika enzi moja iliyopendwa.

Kisha wakaja viwanda vikubwa kumi vya serikali, baada ya 1949. Vina lawama zake: vilitoa vyombo vya aina moja kwa maelfu na vikapendelea wingi. Lakini msichana aliyeingia idara ya uchoraji katika kiwanda cha Guangming, kilichojulikana kwa bakuli za buluu zenye vitobo vidogo vinavyopitisha mwanga, alipata mshahara tangu akiwa hajui kitu, alikaa karibu na mama aliyeijua kazi, na chombo alichokiharibu kiliandikwa kwenye hasara ya kiwanda. Katikati ya miaka ya 1990 viwanda hivyo vilifungwa au kugawanywa. Maelfu walirudi nyumbani. Wenye ujuzi walifungua karakana vyumbani mwao na wakaanza kulipwa kwa idadi ya vyombo. Tangu hapo gharama ya mwanagenzi haina mwenyewe. Fundi anayelipwa kwa kila bakuli hawezi kumkabidhi mtoto wa mwenzake bakuli aliharibu, hata akiwa na moyo mwema namna gani.

Leo vijana wapo Jingdezhen, tena wengi. Makumi ya maelfu wamehamia kutoka sehemu nyingine za China na nchi za nje, wengine kusoma katika chuo kikuu cha kauri cha mji huo, wengine kupanga chumba na kununua gurudumu la umeme. Kiwanda cha zamani cha Yuzhou kiligeuzwa mwaka 2016 kuwa mtaa wa maduka na karakana unaoitwa Taoxichuan. Kuna masoko ya mwisho wa wiki ambapo vijana hupanga vikombe vyao mezani, na usiku wanauza moja kwa moja kwa simu. Tunawapongeza kwa dhati. Wamerudisha uhai katika mji uliokuwa umejaa viwanda vitupu. Lakini tuseme ukweli: wengi wao wamekuja kuwa wasanii, kila mmoja na jina lake na kikombe chake, akifanya kazi yote peke yake tangu udongo hadi kuuza. Hakuna kosa katika hilo. Ila kijana mwenye karakana yake hawi mrithi wa mama anayejaza buluu. Mama huyo akistaafu, kigoda kinabaki kitupu, na siku bingwa atakapohitaji mkono wake hataupata sokoni.

Zamani kidogo, msanii Ai Weiwei aliagiza Jingdezhen mbegu za alizeti za kauri zaidi ya milioni 100, kila moja ikichorwa kwa mkono, akazimwaga katika ukumbi wa Tate Modern, London, mwaka 2010. Watu wapatao 1,600 walifanya kazi hiyo. Ilikuwa riziki ya halali na ya heshima, na ilithibitisha kwamba mikono ipo ikipata mwajiri. Lakini mbegu ya alizeti ni viharusi vichache vya brashi. Haikumfundisha mtu kuongoza maji ya kobalti. Oda kubwa peke yake haitoshi. Inategemea oda inadai nini.

Kuhusu wanakili tutasema jambo ambalo huenda halitapendeza. Kijiji cha Fanjiajing, pembeni mwa mji, kimejulikana kwa vyombo vinavyoiga vya kale, na baadhi huuzwa kwa ulaghai kama vya kale hasa. Huo ni wizi na anayeufanya ashtakiwe. Hata hivyo, mwigaji hodari ndiye anayelazimika kuujua mstari wa enzi ya mfalme Yongle na kuutofautisha na wa enzi ya mfalme Kangxi, na ndiye anayemlipa mjazaji wa buluu bei nzuri kwa sababu kosa dogo litamwumbua. Mji ungewapa watu hao njia ya halali, nakala zenye alama isiyofutika zikiuzwa kama nakala, ungepata walimu ambao vyuo haviwezi kuwazalisha.

Adui wa karibu zaidi ni karatasi. Picha ya buluu iliyochapishwa kiwandani inalowekwa, inabandikwa kwenye sahani, inachomwa, na kwa mtu asiyezoea inaonekana imechorwa. Kwa vyombo vya kila siku hatuna ugomvi nayo. Mama wa Kariakoo au Eastleigh anayenunua seti ya harusi ana bajeti yake, na ana haki ya kupata chombo kizuri kwa bei anayoiweza. Ugomvi wetu ni pale sahani ya karatasi inapowekwa rafu moja na sahani ya mkono na kuitwa kwa jina moja. Mnunuzi anaona bei mbili, hajui sababu, anachukua ya chini. Hapo mjazaji wa buluu ameshindwa katika mashindano ambayo hakuelezwa kuwa yupo. Sheria ya kuweka alama, inayotofautisha kilichochapishwa na kilichochorwa, haigharimu serikali kitu kikubwa, na ingefaa zaidi kuliko maonyesho kumi.

Wajapani wa Arita wanajua mnyororo ukikatika inakuwaje. Familia ya Kakiemon ilikuwa na namna yake ya kutengeneza kauri yenye weupe wa maziwa, iitwayo nigoshide, ambayo juu yake rangi nyekundu hukaa vizuri kuliko popote. Katika karne ya 18 iliachwa. Ilipotafutwa tena, maandishi ya zamani yalikuwepo na vyombo vilikuwepo, lakini mikono haikuwepo, na ni mwaka 1953 tu ndipo Kakiemon wa 12 na mwanawe walipofanikiwa kuirudisha. Walichofanya Wajapani baadaye ndicho tunachotaka Jingdezhen ikiige. Mwaka 1971 taifa liliutambua ufundi huo kuwa urithi muhimu, na waliotajwa kuwa wenye nao ni chama cha mafundi wa karakana, kwa ujumla wao. Katika karakana hiyo mpaka leo anayechora mistari ana kazi yake na anayejaza rangi ana yake. Ujerumani nako, kiwanda cha Meissen, kilichoanzishwa mwaka 1710 na ambacho ni mali ya jimbo la Saxony, kinawafundisha wachoraji wake chenyewe na hakingoji waje wameiva kutoka nje.

China ina utaratibu wa kuwapa mafundi vyeo vya ubingwa wa taifa na wa jimbo. Si jambo baya. Ila cheo kinampandisha mtu mmoja, bei ya chombo chake inaruka mara nyingi, na waliomkwangulia na kumjazia wanabaki na ujira uleule. Tunapendekeza kila chombo kinachouzwa kwa jina la bingwa kiandikwe chini majina ya wote waliokigusa, kwa herufi ndogo, kwa kobalti ileile. Nafasi ipo. Wakusanyaji wa vyombo watalalamika kwa siku mbili, kisha wataanza kuyatafuta majina hayo, na mchora ukingo hodari atapata bei yake.

Tunapendekeza pia sehemu ya viingilio vya makumbusho yale mazuri iende moja kwa moja kwenye mishahara ya wanagenzi katika karakana za mafundi wa mikono ya kati, kwa miaka mitatu au minne, bila sharti la kuonyesha chombo kizuri mwaka wa kwanza. Madarasa ya mchana mmoja, ambapo watoto wa shule na watalii huchora sahani na kwenda nayo nyumbani, yaendelee. Yanafurahisha na yanajenga mapenzi. Yasihesabiwe katika ripoti kama urithishaji wa ufundi, maana hayo siyo.

Na michoro ibadilike. Mwanagenzi anakili maua ya lotasi na mizabibu ili mkono ukae, lakini akikomaa aruhusiwe kuchora anachokiona dirishani. Mafundi wa karne ya 14 walichora walivyotaka wateja wa ng'ambo ya bahari, na hakuna aliyewaambia wanaharibu utamaduni.

Hapo sisi nasi tunaweza kufanya jambo zaidi ya kutoa maoni. Hoteli za Mji Mkongwe, Lamu na Mombasa hupamba kuta kwa sahani za buluu, nyingi zikiwa za karatasi. Mwenye hoteli anayekwenda China kila mwaka kununua vitanda na vigae vya sakafu anaweza kuagiza, kwa ukumbi wake mmoja tu, sahani za kuchorwa kwa mkono: jahazi, mkarafuu, nakshi za mlango wa kwao. Hatazipata kwa bei ya karatasi na asitegemee hivyo. Jumba la makumbusho la taifa, Dar es Salaam au Nairobi, linaweza kuagiza nakala za sahani zilizong'olewa kwenye makaburi ya Kunduchi na Mambrui, zikatiwa alama kuwa ni nakala, ili wanafunzi wanaotembelea pale waone kaburi lilivyokuwa likionekana. Na yeyote atakayeagiza, awe na hoteli au na makumbusho, aandike sharti moja kwenye karatasi ya oda: sehemu ya kazi ichorwe na wanagenzi chini ya macho ya fundi wao, na vyombo watakavyoviharibu viingizwe kwenye bei, navyo vitalipwa.